Mazengo, hiyo Chenin usiing'oe kwanza

Mbukwa Mazengo,

Za masiku bana, nyumbani wazima? Mama Neema mguu unaendeleaje? Mi nipo, mavuno yameisha juzijuzi, na huku Stellenbosch, Afrika Kusini, ikishaingia Januari hata simu unaisahau, ndo maana kimya kimekuwa kirefu. Ila jana Daudi kanitumia voice note anasema umeshaongea na vijana waje kung'oa ile mizabibu yako myeupe, Chenin Blanc, yote ya shamba la Hombolo ili uweke zabibu nyekundu za Pinot Noir, asee usiku mzima nimekuwa naiwaza hiyo. Tafadhali, vijana wasubiri mpaka usome hapa.

Najua bei ndo imekuvuta. Kweli Pinot Noir ya Burgundy kule Ufaransa ni kati ya mvinyo ghali kuliko zote duniani, lakini pale kinacholipiwa ni zabibu pamoja na ubaridi wa pale. Ule mzabibu ganda lake jembamba, unaiva mapema, unataka kiangazi cha upole ili uive polepole. Ukiupeleka kwenye joto kali sukari inapanda haraka, uchachu unaisha, harufu haijawahi hata kujijenga, unabaki na juisi tamu iliyopooza. Hata huku hawaupandi popote tu, Pinot zinazosifiwa zinatoka bonde la Hemel-en-Aarde karibu na Hermanus, kwa sababu upepo wa bahari ya baridi unaingia mpaka shambani. Sasa Hombolo huo upepo utautoa wapi? Hapahapa Stellenbosch profesa Abraham Perold mwaka 1925 aliichavusha Pinot Noir na Cinsaut, zabibu inayovumilia joto, ndo ikapatikana Pinotage. Hiyo walau tungeweza kuiongelea siku moja.

Afu unayotaka kung'oa ni Chenin! Yani ningekuwa karibu ningekuja kukaa katikati ya shamba. Kwao ni bonde la Loire, Ufaransa, baridi, huko inatoka na uchachu mkali mpaka wanaitengeneza kila namna, kavu, ya mapovu, mpaka tamu kama asali. Ikaja huku Afrika Kusini, sa hivi hakuna nchi yenye Chenin nyingi kama hii, na jua la huku linaifanya inukie matunda yaliyoiva, pichesi, tikiti, wakati mwingine hadi nanasi. Lakini uchachu wake hauishi kirahisi hata kwenye joto, na hapo ndo nataka unielewe, hiyo sifa ndo Dodoma inaihitaji kuliko zote. Syrah nayo, zabibu nyekundu, iangalie, kaskazini mwa bonde la Rhône kule Ufaransa inanukia pilipili manga, ikienda Barossa kule Australia kwenye jua kali inakuwa nzito, jamu tupu, chokoleti, na pombe inapanda. Mmea ni uleule.

Sisi Dodoma tuko kama digrii 6 tu kusini mwa ikweta, hatuna baridi ya kuulaza mzabibu, unakata matawi ndo unaamka, kwa hiyo tunavuna mara mbili kwa mwaka wakati huku wanavuna mara moja. Watu wanaona ni baraka tupu, ila yale mavuno ya Machi yanaivia kwenye mvua, ukungu unakula vichala, na sukari inakuwa nyepesi. Ya Agosti na Septemba ndo yenyewe! Juu kule tuko kama mita 1,100, na ule ubaridi wa usiku wa Juni na Julai unafanya mzabibu usiuchome uchachu wake wote, mchana jua linaweka sukari. Kama una nguvu na hela ya mbolea, weka kwenye mavuno hayo.

Na usivune kwa kuangalia rangi au kwa sababu jirani kaanza. Pima. Kila digrii ya brix, yani kipimo cha sukari ya zabibu, inatoa zaidi kidogo ya nusu asilimia ya pombe, ukivuna Chenin kwenye 21 unapata mvinyo wa kama 12 hivi, wenye uchachu bado. Vuna alfajiri, jua likiwaka zabibu ziwe zimeshafika kivulini. Ule mwaka mnunuzi aliwaacha mkisubiri mpaka zabibu zikasinyaa mtini bado unaniuma, na nahisi hapo ndo ulipoanza kuichukia hiyo Chenin, lakini kosa halikuwa la mzabibu. Ukiing'oa mnunuzi atakuwa yuleyule, na miche mipya utaisubiri miaka miwili mitatu ndo uvune cha maana. Hiyo ada ya Neema itatoka wapi?

Ile mizabibu ya Makutupora ya mzee nayo iache, imeshalizoea lile jua.

Sasa nijibu haya kabla ya kumpigia mtu yeyote. Hao vijana umeshawapa advansi? Hiyo miche ya Pinot unaipata kwa nani, na pale kituo cha utafiti Makutupora wanasemaje, umewauliza kweli? Mavuno ya Septemba iliyopita sukari ilisoma ngapi? Kile kipimo nilichomwachia Daudi bado kinafanya kazi au nikutafutie kingine? Na ile hadithi ya kukamua wenyewe muuze mchuzi wa zabibu badala ya zabibu, kikundi kimefikia wapi, mzee Chilongola kakubali kutoa lile ghala? Nipigie jioni, nikikosa simu weka voice note hata ndefu nitasikiliza yote.

Wako,
Yona