Jibu rahisi la ziwa letu mmelitoa wapi?

Ndugu Mhariri,

Ile habari yenu ya kupungua kwa dagaa Ziwa Tanganyika, yenye kichwa kinachotangaza kwamba chanzo kimepatikana, imenitoa kwenye ukimya wa miaka mingi. Ninawasoma tangu gazeti likifika Kigoma kwa treni, likiwa la juzi, nasi tukaligombea kama la leo. Nimevumilia mengi. Lakini mwandishi wenu alipomalizia kwa kutufunza kwamba "sayansi inasema jibu rahisi ndilo sahihi", na jibu lenyewe likawa nyavu haramu, nukta, nikaona sasa imetosha.

Sitetei makokoro. Nyavu za macho madogo zinamaliza samaki wachanga, na mwaloni Kibirizi kila mtu anajua hilo, hata wanaozitumia. Ninachokataa ni kumsingizia mtawa wa Kiingereza wa karne ya 14. William wa Ockham hakusema maumbile ni mepesi. Wembe wake, kama wanavyouita, unahusu maelezo yetu: maelezo mawili yakieleza jambo kwa usawa, usiongeze visababishi visivyohitajika. Visivyohitajika, Mhariri! Wembe kazi yake ni nywele. Ukiondoka na sikio hujanyoa mtu.

Na vinavyohitajika kulieleza ziwa hili si kimoja. Kina chake kinafika mita 1,470, na ukishapita mita mia moja au mia mbili hivi za juu, maji hayana hewa ya oksijeni. Huko chini ndiko rutuba ilikolala. Upepo wa kusini-mashariki, Mei hadi Septemba, husukuma maji ya juu kwenda kaskazini, na upande wa kusini maji ya chini yakapanda na rutuba yake. Hiyo hulisha mimea midogo ya kijani isiyoonekana kwa macho, inaliwa na vidudu vya majini, vidudu vinaliwa na dagaa, dagaa wanaliwa na migebuka. Sasa maji ya juu yakipata joto yanakuwa mepesi zaidi, yanakaa juu ya yale ya baridi na hayataki kuchanganyika, rutuba ikabaki chini. Mwaka 2003 tafiti mbili, moja katika jarida la Nature na nyingine katika Science, zilieleza hayo kuhusu ziwa hilihili. Ile ya Nature ilikadiria uzalishaji wa ile mimea midogo ya kijani umepungua kwa asilimia 20 hivi, na samaki huenda kwa asilimia 30. Mwaka 2016 wengine wakasoma tope la chini ya ziwa na kuona samaki walianza kupungua kabla uvuvi wa kibiashara haujashamiri. Mwandishi wenu haya hakuyaona? Au aliyaona akayanyoa?

Hasira yangu ina historia. Kabla ziwa halijafungwa kwa uvuvi mwaka 2024, tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, tuliitwa mkutanoni. Mimi ni mwalimu mstaafu wa baiolojia, siku hizi naanika dagaa, kwa hiyo nilikwenda kama mwenye njaa na mwenye hoja. Kijana mmoja mtaalamu, sitasema katoka ofisi gani, akaonyesha picha ukutani: chanzo kimoja, mshale mmoja, dawa moja. Nikanyoosha mkono. Nikamuuliza: mwanangu, mnafunga ziwa miezi ileile ya upepo, samaki wakionekana wengi Septemba, mtajuaje walioongezwa na kufunga ni wepi na walioongezwa na upepo ni wepi? Sikupinga kufunga. Niliuliza mtapimaje. Akatabasamu, akasema, "Mama, usituchanganyie mambo, sayansi inataka jibu rahisi." Watu wakacheka, wengine nimewafundisha mwenyewe mnyororo wa chakula ubaoni. Mwenyekiti akampa nafasi mwingine, ambaye aliuliza kuhusu posho, na huyo akajibiwa kwa kirefu.

Laiti angenipa dakika tano ningemweleza habari ya Kepler, mwanafalaki aliyechora upya njia za sayari. Wakubwa waliomtangulia, Copernicus naye akiwemo, waling'ang'ania duara kwa sababu ndilo umbo rahisi kuliko yote, wakalazimika kubandika duara juu ya duara ili hesabu zikubali. Kepler akakubali umbo gumu zaidi, duaradufu, mwaka 1609, na viraka vyote vikaanguka. Au ningemwambia atoe simu yake, afungue kikokotoo. Aweke namba yoyote kati ya 0 na 1, hao ndio samaki wa mwaka huu. Aizidishe kwa kile kinachobaki ili ifike 1, kisha azidishe kwa 2.8, ndiyo kasi ya kuzaana. Jibu ndilo samaki wa mwakani, arudie, arudie. Itatulia karibu na 0.643. Abadilishe 2.8 iwe 3.2: itarukaruka kati ya 0.513 na 0.799, mwaka wa neema, mwaka wa dhiki. Aweke 3.9: haitulii kamwe, wala hairudii mpangilio. Hakuna kokoro, hakuna upepo, hakuna waziri. Mwanasayansi Robert May aliyaandika hayo mwaka 1976. Kanuni ni mstari mmoja, rahisi kuliko mshale wa yule kijana, na matokeo yake hayakamatiki. Sasa kwa ziwa lenye nchi nne, urahisi huo mnaoutangaza mmeuona kwenye nini hasa?

Halafu picha. Mmeandika dagaa wa Kigoma, mkaweka picha ya dagaa wa Mwanza! Wa kwetu ni jamaa ya saradini wa baharini. Wale wa Ziwa Victoria ni ukoo mwingine kabisa. Ndiyo maana huko Dar es Salaam mwanangu aliuziwa mfuko wenye dagaa wetu juu na wengine chini, kwa bei ya Kigoma yote, na alipolalamika akaambiwa dagaa ni dagaa.

Pendekezo langu ni hili. Mwandishi atakayeandika tena "chanzo kimepatikana" aletwe hapa, nauli alipe mwenyewe, apande kipe, chombo cha kuvulia dagaa usiku kwa taa, jioni na kushuka alfajiri kwa mwaka mzima. Kila usiku apime joto la maji juu na kwenye mita hamsini, aandike upepo, mwezi, ndoo za dagaa na idadi ya migebuka. Mbalamwezi anaruhusiwa kulala, maana hata dagaa hawaji kwenye taa. Ziwa likifungwa asipumzike, aendelee kupima, maji hayafungwi. Mpiga picha aje naye. Jaketi okozi ninalo moja tu, wataamua wenyewe nani avae.

Mwalimu mstaafu na mwanika dagaa,
Katonga, Kigoma