Mwili Unapinda, Je, Una Nguvu Huko Unakofika?

Lala chali. Pitisha mkanda chini ya unyayo wa mguu mmoja, nyoosha goti, kisha uvute mguu kuelekea kifuani mpaka pale unapoweza bila kuumia. Angalia umefika wapi. Sasa achia mkanda, shusha mguu sakafuni, halafu uinue tena kwa misuli yake wenyewe, goti likiwa limenyooka na mikono ikiwa kando. Kwa wengi wanaotujia baada ya miaka ya yoga, mara ya kwanza mguu unakaribia uso. Mara ya pili unakwamia njiani na paja linaanza kutetemeka.

Pengo hilo ndilo tulilolifungulia darasa la mobiliti, yaani uwezo wa kukisogeza kiungo na kukidhibiti kwa nguvu za misuli yako mwenyewe. Mkanda, mkono au uzito wa mwili unaweza kukipeleka kiungo mbali kuliko misuli inavyomudu kukidhibiti. Ukiteleza kwenye ngazi, hakuna mkanda wa kukushika. Unabaki na nguvu ulizonazo pale kiungo kilipofika. Hizo ndizo tunazozijenga.

Yoga hatuiachi. Inatuliza pumzi, inafundisha kusimama imara kwa mguu mmoja, na kwa mtu anayeshinda kitini ni nafuu kubwa. Lakini ina upungufu wake, na sisi tunaoifundisha hatuna sababu ya kuuficha. Katika vipindi vingi mikono inasukuma sakafu tangu mwanzo hadi mwisho, ila kuvuta ni nadra, kwa hiyo misuli ya mgongo wa juu na ya nyuma ya bega haipati kazi ya kutosha. Kuinama nako kunanyoosha misuli ya nyuma ya paja bila kuibebesha mzigo wa maana. Baadhi ya wanayoga wa siku nyingi huishia kulalamikia maumivu chini ya kalio, pale kwenye mfupa wa kukalia. Wakisikia maumivu wananyoosha zaidi, wakidhani ni ukakamavu, na hapo ndipo wanapojizidishia: ukiinama sana, kano ya misuli hiyo hubanwa kwenye mfupa iliposhikia. Inachohitaji ni kupumzishwa kuinama kwa muda, na kutiwa nguvu pole pole.

Wenye viungo vilivyolegea kwa maumbile ndio tunaowaangalia zaidi. Hao husifiwa darasani, wanapiga msamba bila jasho, nao wanaipenda yoga kwa sababu inawapa kile walicho nacho tayari. Kuwanyoosha zaidi hakuwasaidii. Tunawapa vyuma.

Kuhusu afya ya kiungo chenyewe, jambo la kujua ni kwamba gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, haina mishipa ya damu. Chakula chake kinatoka kwenye ute ulio ndani ya kiungo. Unapokanyaga na kuachia, gegedu hubonyea na kurudi kama sifongo, na ute hupita ndani yake. Kiungo kisichotembezwa wala kubeba uzito hukosa huduma hiyo. Ndiyo maana hata goti ambalo gegedu yake imeanza kulika, mazoezi yaliyopimwa vizuri huwa miongoni mwa tiba za mwanzo, wala si kitu cha kuogopwa. Na kwa wanaotuuliza kila wiki: goti linalolia bila kuuma wala kuvimba si ugonjwa.

Darasani tunaanza na mizunguko ya polepole. Chukua bega: unasimama, unakaza tumbo na kukunja ngumi ya mkono wa pili ili mgongo usiibe kazi, kisha unapandisha mkono karibu na sikio, unageuza kiganja nje, unaushusha kwa nyuma. Mzunguko mmoja mzuri huchukua muda mrefu kuliko watu wanavyotaka. Baadaye tunakaa sakafuni, magoti yamekunjwa, moja mbele na moja kando, na mguu wa mbele unakandamiza sakafu kwa sekunde 10. Kisha tunajaribu kuunyanyua mguu wa nyuma bila kuegemea upande. Mara nyingi haunyanyuki hata kidogo. Sawa tu, misuli tayari inafanya kazi. Tunamalizia na kuchuchumaa, kuvuta uzito na kuning'inia kwenye chuma.

Mizunguko unaweza kuifanya nyumbani kila siku, dakika 5 zinatosha. Kazi ya nguvu ni angalau siku 2 kwa wiki, kiwango kile kile ambacho Shirika la Afya Duniani linakipendekeza kwa watu wazima. Wiki za mwanzo utahisi wepesi haraka kwa sababu mfumo wa fahamu unazoea kwanza. Kano huchukua miezi, na hakuna njia ya mkato tunayoweza kukuuzia.

Kiungo kikiwa kimevimba na kuwa cha moto, kikikwama ghafla, kikikunyima usingizi, au mguu ukifa ganzi, nenda kwa daktari kwanza.

Siku ya kwanza tutapima nyonga, mabega na vifundo vya miguu kabla ya kukupangia chochote, kwa hiyo vaa kaptura au suruali inayopanda juu ya goti. Viatu hutavihitaji.