Aliyetapeliwa kaibiwa, tusimcheke

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme juu ya lugha ya magazeti yetu katika habari za matapeli. Mtu akivunjiwa duka, mnaandika "aibiwa". Akitapeliwa kwa simu, mnaandika "aingizwa mjini", "alizwa", "apigwa changa la macho". Msomaji anacheka kabla hajajua kilichotokea.

Jirani yangu hapa Ngamiani, mama anayeuza dagaa soko la Mgandini, mwisho wa mwezi alipata ujumbe: "Ile kodi nitumie kwenye namba hii, simu yangu ina tatizo." Jina hakuna, kiasi hakuna. Kodi alikuwa anadaiwa kweli, akatuma. Ujumbe kama huo hutawanywa ovyo kwa watu wengi, na katika wengi hakosekani mpangaji ambaye siku yake ya kulipa imefika. Anayenasa si lazima awe mshamba. Mwenye nyumba alipokuja kudai chake, kibaraza kizima kikaangua kicheko: "Bi mkubwa kaingizwa mjini!" Mtu kazaliwa Barabara ya Tisa, na babu yake wa hapa hapa, sijui kaingizwa mji upi.

Nilimsihi aende polisi. "Mwanangu, sitaki kuchekwa mara ya pili," akanijibu. Hata 15040, tulikoelekezwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kutuma namba za matapeli, hakutuma kitu.

Kiswahili hakikukosa maneno ya kumbana mkosaji. Tunayo kulaghai, kuhadaa, kughilibu. Ukiandika "alimlaghai", macho yanamwendea mlaghai. Ukiandika "aliingizwa mjini", yanamwendea aliyepoteza hela, tena kwa dharau, huku mwizi wake akiitwa mjanja, mtoto wa mjini. Karani wa mahakama anaposoma shitaka la "kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu" hachekeshi mtu, lakini kila aliyemo chumbani anajua nani ameshitakiwa.

Jingine ni "tamaa", ambayo nayo mnambandika kila aliyelizwa. Serikali ilipoisimamisha DECI, ule mchezo wa upatu, mwaka 2009, wengi walikuwa wamerubuniwa kwa maneno matamu ya kupanda mbegu na kuvuna. Hapo kurubuni ni mahali pake, maana mtu alionyeshwa faida akaifuata. (Hata hao sioni kwa nini wachekwe, waliovuna mwanzoni walionekana kwa macho, tena wengine ni majirani.) Yule mama hakuahidiwa hata senti. Alikuwa analipa deni lake. Tamaa yake iko wapi?

Najua kichwa cha habari kinatakiwa kiwe kifupi na kiuze gazeti. "Aibiwa kwa simu" inaenea pale pale mnapoweka "aingizwa mjini".

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga