Barua kwa shemeji mwalimu wa kwaya: Mfalme Daudi hakuimba Hava Nagila

Shemeji, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na dada na watoto. Mimi huku sijambo, hofu ni kwako tu, maana nasikia mazoezi yamepamba moto na harusi ndiyo hiyo inabisha hodi. Ningeweza kukupigia simu, lakini uliyoyaandika kwenye kundi la familia yanasemwa na watu wengi, na nimeona mwenyewe jinsi walivyokuitikia "amina" mfululizo. Ulisema Hava Nagila, ule wimbo wa Kiyahudi mnaotaka kuwaingizia maharusi ukumbini, ndio alioucheza Mfalme Daudi mbele ya Sanduku la Agano.

Hapana, shemeji. Maneno ya wimbo ule yana miaka mia moja na ushei tu. Kanisa la Mkunazini pale Unguja, lililoanza kujengwa mwaka 1873, ni kongwe kuliko hayo maneno. Kitu cha kale kilichomo ni mwangwi wa Zaburi ya 118, mstari wa 24, ambao wewe unaujua kwa kichwa: "Siku hii ndiyo aliyoifanya Bwana, tutashangilia na kuifurahia." Ule ubeti wa mwanzo umechota humo. Yanayofuata, ya kuwaamsha ndugu waimbe kwa moyo wa furaha, ni utunzi wa watu waliopanda treni na kupigwa picha.

Mahadhi yenyewe yalikuwepo kabla ya maneno, na yalianzia mbali na Yerusalemu. Kulikuwa na rabi mmoja wa Mahasidi, kundi la Wayahudi washika dini wa Ulaya Mashariki, jina lake Israel Friedman wa Ruzhin, aliyefungwa na serikali ya Urusi, kisha alipotoka akavuka mpaka na katika miaka ya 1840 akajenga makao yake Sadigura, katika jimbo la Bukovina. Wakati ule palikuwa chini ya dola ya Austria. Leo ni Ukraine, karibu na mji wa Chernivtsi. Aliishi kifalme hasa, na wafuasi wakamiminika kwake. Mahasidi wana aina ya wimbo uitwao niguni, ambao mara nyingi hauna maneno kabisa: watu wamekaa mezani, wanaimba "ya-ba-bam" au "ai-ai-ai", wanaurudia na kuurudia mpaka mtu anajisahau. Kwao maneno yana mwisho, lakini sauti inaweza kwenda mbele zaidi ya maneno. Hava Nagila ilianza hivyo, niguni ya watu wa Sadigura, na mtunzi wake hana jina.

Wafuasi wa Sadigura walipohamia Yerusalemu walikwenda nayo, na huko ndiko ikakutana na Abraham Zvi Idelsohn. Huyu bwana angekufurahisha, kwa sababu alikuwa mwalimu wa muziki kama wewe, tena mwenye njaa ya nyimbo isiyoshibishika. Alizaliwa Latvia mwaka 1882, akafunzwa uimbishaji wa sinagogi, akasomea muziki Ujerumani, halafu akahamia Yerusalemu wakati ingali chini ya Waturuki. Akakuta mji ule umejaa Wayahudi wa kila pembe: wa Yemeni, wa Baghdad, wa Uajemi, wa Bukhara, wa Moroko, na kila kundi lina namna yake ya kuimba Torati. Akaanza kuzunguka na fonografu, ile mashine ya kunasa sauti ya zama hizo, na daftari la noti. Kazi hiyo ilizaa mkusanyiko wa juzuu kumi uliotoka kati ya mwaka 1914 na 1932. Mimi nikisoma habari zake huwa nawaza wazee wetu wangapi wamezikwa na nyimbo zao kwa kukosa mtu mmoja tu wa namna hiyo.

Idelsohn mwenyewe ameeleza kwamba niguni ya Sadigura aliiandika kwa noti mwaka 1915. Vita Kuu vilikuwa vinaendelea, na yeye alikuwa amechukuliwa jeshini na Waturuki kuongoza bendi. Desemba 1917 Waingereza wakaingia Yerusalemu chini ya Jenerali Allenby, mwezi mmoja tu baada ya serikali yao kutoa lile Tamko la Balfour la kuahidi makao ya Wayahudi Palestina. Mwaka 1918 Idelsohn akawa na tamasha la kwaya ya wanaume na wanawake, na alikosa kitu kimoja ambacho wewe pia hukikosa kila Krismasi: wimbo wa kumalizia. Akaufungua mfuko wake, akaitoa ile niguni, akaipanga kwa sauti nne, akaitia maneno ya Kiebrania. Anasimulia kwamba kesho yake mji mzima ulikuwa unauimba. Mwaka 1922 ukachapishwa Berlin katika kitabu chake cha nyimbo.

Angalia wakati wenyewe ulivyokuwa. Kiebrania kilikuwa kinatolewa kwenye sala na vitabu kirudi kuwa lugha ya nyumbani na sokoni. Watoto wa shule walihitaji nyimbo za lugha hiyo, na nyimbo zenyewe hazikuwepo za kutosha. Kwa hiyo walimu wakawa wanashona: mahadhi ya huku, maneno ya kule. Wimbo mfupi, wenye maneno machache yanayorudiwa, ambao mgeni aliyeshuka melini asubuhi anaweza kuuimba jioni, ulikuwa lazima ushinde.

Ugomvi wa nani mwenye wimbo nao haukukosekana. Moshe Nathanson, aliyezaliwa Yerusalemu mwaka 1899 na baadaye akawa mwimbishaji wa sinagogi New York, alikuwa mwanafunzi wa Idelsohn. Inasimuliwa upande wake kwamba mwalimu aliwapa darasa kazi ya kuitafutia niguni maneno, naye, mtoto wa miaka 12, akaleta ya Zaburi. Ukipiga hesabu, hiyo ni kama mwaka 1911, na Idelsohn anasema aliandika noti mwaka 1915, kwa hiyo mambo hayakai sawa. Mimi naegemea kwa mwalimu, ingawa hainishangazi kama mtoto alichomeka neno na mwalimu akalichukua. Sisi wenyewe mpaka leo tunavutana Malaika ni ya Adam Salim au ya Fadhili William, na watu wanaweza kununiana harusini kwa hilo.

Nimeitaja Malaika makusudi, na nitaeleza kwa nini. Lakini kwanza ngoja nikuoneshe kitu kwa noti, maana hapo ndipo ulinishika siku ile uliponiuliza kwa nini wimbo huu "unanukia taarab". Mwanzo wake ni m m se f m, yaani mi, mi, se, fa, mi. Itazame hiyo *se* na *f*. Kati ya *m* na *f* ni nusu sauti, halafu kutoka *f* hadi *se* ni mruko wa sauti moja na nusu. Mruko huo ndio wenye kila kitu. Waarabu wanauita Hijazi, ni moja ya maqamu, yaani mipangilio ya sauti, wanazozijua vizuri wapiga udi na kanuni wa Unguja, na adhana nyingi unazozisikia alfajiri zimo humo humo. Wayahudi wa Ulaya Mashariki nao wana sala zao katika mpangilio huo. Basi soprano wako wakiikosa *se* wakaimba *s* ya kawaida, wimbo umekufa. Na mkifika pale pa kuwaamsha ndugu, uzito unahamia *l*, ladha inabadilika, na mwendo unapaswa kupanda. Usikubali mpiga kinanda aubane kwa mdundo wa mashine usiobadilika kasi.

Kutoka Palestina wimbo ulisafiri na ngoma ya hora, ile ya kushikana mikono kwenye duara, ambayo nayo si ya Daudi bali ya Romania na nchi za Balkani. Baada ya Vita vya Pili na kuzaliwa kwa Israeli mwaka 1948, Wayahudi wa Marekani wakaufanya kuwa wa harusi na wa sherehe za vijana kutimiza umri. Kisha ukatoka nje ya nyumba. Mwaka 1959 Harry Belafonte, Mmarekani mweusi ambaye wazazi wake walitoka Karibi, aliuimba katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York, na kwa mamilioni ya watu sauti yake ndiyo ikawa Hava Nagila. Belafonte huyo huyo, mwaka 1965, alitoa albamu na Miriam Makeba ambamo wameimba Malaika. Ndiyo sababu ya kuitaja. Koo moja ilibeba wimbo wao na wetu, na kote kuwili watu walibaki wakigombania mtunzi.

Baada ya hapo haukuzuilika. Dick Dale, ambaye baba yake alikuwa na asili ya Lebanon, aliupiga kwa gitaa la umeme mwaka 1963. Mashabiki wa timu ya mpira ya Ajax ya Amsterdam, wengi wao wasio Wayahudi, wameuimba uwanjani. Aly Raisman, Mmarekani Myahudi, aliutumia kwenye mazoezi ya viungo Olimpiki ya London 2012 akapata dhahabu, miaka 40 tangu watu 11 wa msafara wa Israeli walipouawa kwenye Olimpiki ya Munich. Wanamuziki wa Kiyahudi wengi, kwa upande wao, wameuchoka kabisa. Wanauona umekuwa kibwagizo cha kuagizwa na wageni waliolewa, na siwalaumu.

Idelsohn mwenyewe hakuyaona mengi ya hayo. Alifundisha Cincinnati, Marekani, kuanzia mwaka 1924, akapooza, akapelekwa kwa ndugu zake Johannesburg, akafariki huko mwaka 1938. Mtu aliyewapa nusu ya dunia wimbo wa kuchezea harusini kazikwa huku huku Afrika yetu, na kwaya zinazouimba hazimjui.

Kwa hiyo, shemeji, imbeni tu. Ila mwambie MC asitangaze habari za Sanduku la Agano; amtaje Idelsohn na watu wa Sadigura, inatosha. Anzeni taratibu, besi wakiwa wamekaa chini na wazito, mrudie mara mbili kabla ya kuongeza kasi. Na lile wazo la kuwanyanyua maharusi kwenye viti kama wafanyavyo Wayahudi, tafadhali tafuteni viti vya mbao na vijana sita, si wanne. Bwana harusi wetu unamjua, na vile viti vya plastiki vya ukumbini navijua.

Msalimie sana dada. Noti za sauti ya tena (tenor) nitumie kabla ya Jumamosi, nami nije na sauti iliyofanyiwa mazoezi.

Ni mimi shemeji yako.