Wapwa zangu mnaokwenda Muscat, kabla ya begi nunueni daftari

Wapwa zangu wa Mikindani, Chuno, Magomeni hapa Mtwara na nyie wa Lindi mlioungana nao juzi, salaam. Nimesikia mmepata kazi Oman, mkataba wa miaka miwili, na kila nyumba ninayopita naoneshwa begi jipya. Nimefurahi kweli kabisa. Ila sijasikia hata mmoja anauliza nyumbani kutabaki vipi, na huku kwetu kusini mambo ya namna hiyo anaulizwa mjomba, sasa kwa kuwa hamjaniuliza basi naandika.

Mimi nilienda huko huko nikiwa na miaka ishirini na saba, nikakaa sita, kazi ya kushona. Enzi hizo simu za mkononi hakuna, hela nampa mtu anayerudi, naambatanisha na barua, naandika "kaka, jenga". Na yeye anajibu ujenzi unaendelea. Siku niliyorudi nilishuka kwenye basi nikaenda moja kwa moja kiwanjani hata mama sijamsalimia, nikakuta msingi na kozi tatu za tofali, na pale nilipokuwa nahesabu ndo chumba cha mama umeota mkorosho unanifika kifuani na mbuzi wa jirani amelala kivulini. Nilikaa juu ya tofali mpaka magharibi. Kaka yangu sikusema naye karibu miaka minne.

Tulikuja kuongea mama alipolazwa hospitali ya Ndanda, tukiwa wawili usiku kwenye benchi, akaanza kunitajia moja moja: mama kupelekwa hospitali mara ngapi, ada ya watoto wa dada, misiba miwili mwaka mmoja, bati za nyumba ya mama zilizoezuliwa na upepo. Alikuwa anakumbuka zote, hadi bei. Kaka yangu hakuwa mwizi jamani. Mimi nilisema jenga, nyumbani wanasema tunaumwa, na yeye ndo aliyekaa katikati na hela mkononi, ungekuwa wewe ungefanya nini? Kosa langu ni kwamba niliondoka bila kukaa naye chini hata siku moja.

Kwa hiyo daftari. Kaa na huyo unayemuachia, mama yako awepo, na mtu mmoja wa tatu anayeheshimika na wote, muandike: kila mwezi nikituma, kiasi hiki ni chakula na dawa, hiki ni ada, hiki ni cha kujenga na hakiguswi mpaka tuongee. Akiugua mtu anaamua nani? Ukitokea msiba unatoa kiasi gani na wewe hupo? Andikeni hata kama mnaona aibu, aibu ya siku moja ni nafuu. Hela ya kujenga ikae kwenye akaunti yako mwenyewe, tofali zikifika unamlipa mwenye tofali, unatumiwa picha.

Wenye mikorosho nyie ndo kabisa. Salfa inataka kupulizwa msimu wa maua, ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaoua maua, ukishapiga umekwisha, sasa nani atapuliza na hela ya salfa inatoka wapi? Na malipo ya mnada wa korosho yanaingia benki kwa jina la aliyesajiliwa, kama ni jina lako na kadi umesafiri nayo, mama yako atakaa anaangalia tu. Nenda AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kabla hujaondoka muelewane.

Laini ya simu pia watu wanaisahau. Ikikaa muda mrefu haitumiki inafungwa, namba inaweza kupewa mtu mwingine, na benki yako imeungwa kwenye namba hiyo hiyo. Uliza mtandao wako mapema jinsi ya kuibakisha hai.

Karatasi najua mnazijua, pasipoti mmeshalipia ile laki na nusu, ila toeni kopi ya pasipoti, viza na mkataba, moja kwa mama, moja kwa mjomba, na picha zake jitumieni kwenye imeili. Ukiambiwa nenda na viza ya matembezi itabadilishwa huko huko, usiende. Narudia, usiende, hata kama nauli imeshalipwa. Wakala wenu kamuulizieni TaESA, ile ofisi ya serikali ya huduma za ajira, kama amesajiliwa. Pasipoti ni mali ya serikali ya Tanzania, mwajiri hana haki ya kuifungia kabatini. Ubalozi wetu upo Muscat kwenyewe, namba yake iandike kwenye karatasi maana simu inaweza kuchukuliwa.

Mzigo wa mtu usibebe, hata ukiambiwa ni unga wa muhogo wa shangazi yake. Dawa za maumivu kali kama tramadol usithubutu kuzitia begini bila cheti cha daktari, nchi za Ghuba zinafunga mtu kwa hilo. Na kitu ambacho mimi sikuambiwa, nikakaa naugua siku tano: ukipata homa wiki za mwanzo mwambie daktari umetoka kwenye malaria, kule sio ugonjwa wa kwanza kuufikiria. Jua la mwezi wa sita hadi wa nane halina mfano hapa, ndo maana wamekataza kazi za juani saa sita na nusu mpaka saa tisa na nusu mchana, mwenye kazi ya nje alijue hilo.

Kiswahili utakisikia Muscat, wapo wengi wenye asili ya Zanzibar, na kitakuliza siku ya kwanza. Ukikutana na mmoja wao msalimie vizuri, lakini hela usimkopeshe kwa sababu ya lugha tu.

Wenye watoto, mwambieni mtoto mwenyewe kwamba unaondoka, msimtoroke akiwa amelala. Mwanangu wa kwanza niliondoka amelala, niliporudi alijificha nyuma ya bibi yake na kuniita yule mgeni.

Jumamosi baada ya alasiri nipo barazani kwangu Mikindani. Njoo na unayemuachia mambo yako, na mama kama anaweza kutembea. Kaka yangu naye atakuwepo, nimemuomba awaeleze yeye upande wake, na ming'oko, vile viazi vya porini, itakuwa imechemshwa.

Mjomba wenu.