Kabla hamjaja Durban: habari za bahari

Durban, Novemba

Yaya mpenzi,

Pokeeni salamu zetu, wewe, Mama na watoto wote hapo Bukavu. Tunafurahi kwamba mnakuja Noeli. Ila kuna jambo la kuwaambia watoto mapema. Wanajua kuogelea, silikatai, lakini wamejifunzia Kivu, na ziwa halivuti mtu kama bahari inavyovuta.

Waokoaji huchomeka bendera mbili mchangani, kila moja ina nyekundu na njano. Watu huogelea katikati ya hizo mbili tu. Huzihamisha maji yanapobadilika, kwa hiyo zilipokuwa asubuhi sipo zitakapokuwa mchana. Tena maji husukuma watu kandokando bila wao kujua. Mtoto ainue macho kila mara aone bado yuko kati ya bendera. Ikisimama bendera nyekundu tupu, hakuna kuingia.

Hatari yenyewe ni hii. Mawimbi yanapopasuka na kutoa povu, maji yanayofika ufukweni lazima yarudi, na hurudi kama mkondo wenye nguvu kupitia mfereji mmoja wenye kina. Juu ya mfereji huo hakuna povu: maji yanaonekana yametulia, rangi nzito au yamechanganyika na mchanga. Mtu wa ziwa atapachagua hapo hapo, akidhani ndipo salama! Kando ya gati zinazoingia baharini, mkondo huo hupatikana sana.

Mkondo ukimchukua mtu, haumzamishi, unampeleka mbali. Wanaokufa wengi huchoka kwa kupigana nao wakitaka kurudi moja kwa moja. Mtoto atulie, aelee, ainue mkono mmoja. Kama ana nguvu, aogelee sambamba na ufuo hadi penye povu, mawimbi yamrudishe. Na wewe usimrukie: ita mwokoaji, mtupie kitu kinachoelea.

Kwa wadogo, nendeni fukwe za uShaka au Addington, upande wa bandari, mawimbi ni madogo zaidi. Ufuo wa North Beach hupendwa na wanaoteleza juu ya mawimbi kwa mbao. Kote humo hakuna kiingilio. Pombe ni marufuku ufukweni.

Wataulizia papa. Durban iliweka nyavu tangu 1952, kila wavu karibu mita 214 kwa urefu na mita 6 kwenda chini. Si ukuta, papa anaweza kupita pembeni au chini yake, ila nyavu hupunguza idadi yao. Zikitolewa, kuogelea hufungwa.

Mvua kubwa ikinyesha, mto uMngeni unaleta uchafu baharini kama mto Kawa unavyouleta ziwani hapo Bukavu. Baada ya mafuriko ya Aprili 2022, mitambo ya maji machafu iliharibika, fukwe zikafungwa. Siku za mvua tutasubiri, na tutasoma matangazo kwanza.

Upepo wa baharini ukivuma, huja viumbe vya bluu vyenye nyuzi ndefu zinazochoma hata vikiwa vimekufa mchangani. Usisugue. Suuza kwa maji ya bahari, ondoa nyuzi, kisha loweka palipochomwa katika maji ya moto ambayo mtoto anayavumilia, dakika 20.

Mama hatahitaji kukanyaga mchanga. Njia ya waenda kwa miguu ni tambarare, karibu kilomita 8 kutoka uShaka hadi Blue Lagoon, ina viti, na karibu na North Beach kuna bustani. Desemba jua linachomoza kabla ya saa kumi na moja, na saa za hapa ni sawa na zenu, atembee mapema. Kuanzia saa nne jua linaunguza, hata mawingu yakiwepo.

Tarehe 26 Desemba na 1 Januari umati ni mkubwa mno. Watoto hufungwa ukanda mkononi wenye namba ya simu ya mzazi. Waandike namba yangu, kwa sababu yako ya Congo inaweza kukosa mtandao huku.

Msinunue maboya ya kupuliza. Upepo wa asubuhi unaotoka nchi kavu huyasukuma nje haraka kuliko mtu anavyoogelea.

Nitumie vipimo vya watoto, nitafute nguo za kuogelea hapa.

Mdogo wako