Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Makumbusho ya Taifa: wazee wa kiwanda cha bia wanatutoka

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

YAH: KUMBUKUMBU ZA KIWANDA CHA BIA, ILALA

Kwanza nikutoe wasiwasi: siombi baa pale makumbusho, Mtaa wa Shaaban Robert. Mimi mwenyewe mtu wa soda. Ninachoomba ni mkusanye historia ya kiwanda cha TBL (Tanzania Breweries Limited) pale Mchikichini, Barabara ya Uhuru, ambacho wapita njia wengi wanakijua kwa harufu ya kimea tu.

Bia hapa Dar es Salaam si jambo la juzi. Enzi za Mjerumani, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, mtengeneza bia aitwaye Schultz alikuwa tayari na kiwanda chake. Baadaye ikaja Tanganyika Breweries, iliyonunuliwa mwaka 1935 na Kenya Breweries ya Nairobi. Mwaka uliofuata mnunuzi akabadili jina na kuitwa East African Breweries. Na hapa ndipo pananiuma. Kwa miaka mingi sheria za mkoloni zilimzuia Mwafrika kunywa bia ya kizungu. Fungu lake lilikuwa pombe ya kienyeji, kwenye kilabu cha manispaa. Kwa hiyo wapo waliobeba kreti na kuosha chupa za kinywaji ambacho wangekamatwa wakikinywa. Nani amewahi kuwaandika?

Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ilichukua hisa nyingi za Tanzania Breweries, ile Tanganyika Breweries ya zamani. Nyaraka za kipindi kile basi zina mwenyewe, naye ni umma. Safari Lager ilizaliwa mwaka 1977. Kisha ikaja miaka ya 1980, bia ikaadimika sawa na sukari na sabuni, na ukienda dukani bila chupa tupu unarudi mikono mitupu. Makaburu wakaingia ubia mwaka 1993 (ndivyo mtaani tulivyowaita wale wa kampuni ya bia ya Afrika Kusini, mniwie radhi), hisa zikafika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 1998, na tangu 2016 mwenye hisa nyingi ni AB InBev, kampuni kubwa ya bia ya Ubelgiji. Hayo yameandikwa, sina haja ya kuyarefusha.

Yasiyoandikwa ni kama ya mzee mmoja jirani yangu, aliyekuwa mkaguzi wa chupa. Alikaa mbele ya taa, chupa zikipita kwenye mkanda, akitafuta ufa, mende, kizibo kilichonasa ndani. Macho yakianza kumdanganya, mwenzake anashika zamu. Kelele za chupa zilimzoesha kuongea kwa sauti kubwa, hata msibani tunamwomba apunguze. Kazi hiyo siku hizi hufanywa na mashine zenye kamera.

Najua watakaosema mnatangaza ulevi. Mbona mnaonyesha historia ya utumwa na hakuna anayedhani mnaitangaza biashara hiyo?

Iandikieni kampuni, muombe lebo za zamani, kreti za mbao, picha za wafanyakazi. Halafu tumeni vijana wawili wenye kinasa sauti waje Ilala na Buguruni. Waje Jumapili mchana, wazee wakiwa kwenye bao, na wasije na fomu ndefu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Ilala